Moto wa angani hautokani na msuguano

Kwa majuma mawili sasa nimekaa na karatasi ya mtihani ambayo si yangu. Iliandikwa na mwanafunzi wa shule moja ya ufuoni mwa Ziwa Victoria, si mbali na mji wa Kisumu. Shule yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kosa ninalokusudia kulijadili limeenea katika shule nyingi, na katika magazeti vilevile. Swali lilikuwa fupi: Eleza kwa nini chombo kinachorudi duniani kutoka anga za juu hupata joto kali. Mwanafunzi alijibu kwamba hewa iliyo mbele ya chombo hukosa wakati wa kupisha njia, ikagandamizwa kwa ghafla hadi ikawaka, na kwamba hewa hiyo ndiyo inayokiunguza chombo. Mwalimu alilikata jibu hilo kwa wino mwekundu, akaandika kando neno moja tu: "Msuguano". Alama mbili zikaenda na maji.

Mlezi wa kijana huyo aliniletea karatasi akinitaka nimkanye mtoto aache kubishana na walimu wake. Nilimjibu kwamba mtoto hakukosea. Wala sikuwa na haraka ya kumlaumu mwalimu, maana alifuata mwongozo wa kusahihishia aliopewa, na aliyeuandika mwongozo huo bila shaka alifundishwa vivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikishika chaki nililifundisha neno hilo hilo kwa miaka kadhaa, nikipiga viganja vyangu pamoja na kuvisugua mbele ya darasa ili wanafunzi wahisi joto. Lilikuwa onyesho la kupendeza, na halikuhusiana sana na jambo nililokuwa nikilieleza.

Yamkini msomaji atauliza alama mbili zina uzito gani hata zijazie safu ya gazeti. Zina uzito. Mwendo unaozidi ule wa sauti mara 5 na zaidi, ambao wataalamu huuita wa haipasoniki, ulikuwa zamani habari ya majarida ya wahandisi peke yao. Machi 2022 Urusi ilitangaza kuwa imelitumia kombora lake la Kinzhal katika vita vya Ukraine, na tangu hapo neno hilo halijakauka midomoni mwa watangazaji. Kisha Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa takriban mita 2.5 na uzito wa kiasi cha kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ilikuwa sehemu ya roketi, na kwamba vifaa vya aina hiyo hukusudiwa viteketee angani au viangukie mahali pasipo na watu, kama vile baharini. Hiki hakikuteketea. Na Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu, wengi wao wakichagua mkondo wa sayansi na teknolojia. Hao ndio tunaowaandikia "Msuguano" kwa wino mwekundu.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa hupashana habari kwa mwendo wa sauti, ambao karibu na ardhi ni takriban mita 340 kwa sekunde. Basi liendalo Busia linapokaribia Maseno, hewa iliyo mbele yake huwa imekwisha kupata habari. Molekuli husukumana, zikapisha kushoto na kulia kabla basi halijafika. Lakini kitu kikienda kwa kasi kuliko sauti hukimbia mbele ya habari zake. Hewa hukutwa imesimama, haina taarifa. Hapo ndipo linapozuka wimbi la mshtuko, ukuta mwembamba mno ambao ndani yake hewa hubadilika kwa kufumba na kufumbua: msongamano hupanda, joto hupanda, na shinikizo hupanda kuliko vyote.

Mwanafunzi wa Kisumu hahitaji maabara ya Ulaya ili kulielewa jambo hili. Aende kwa fundi yeyote wa baiskeli pale soko la Kibuye aombe pampu. Apige pampu mara 50 ikiwa imeunganishwa na gurudumu, kisha aguse. Atakuta joto limekusanyika mwisho wa bomba, pale hewa inapogandamizwa. Baadaye aiache ipoe, aiondoe kwenye gurudumu, apige tena mara 50 hewa ikitoka bure. Mpira wa ndani unasugua bomba kama awali, ila joto sasa ni hafifu. Tofauti ya joto la kwanza na la pili imetokana kwa sehemu kubwa na mgandamizo. Pampu ya shilingi chache imetoa hukumu ambayo mwongozo wa kusahihishia uliikosa.

Wapo wanaopenda hesabu, na kwao kuna kanuni nyepesi. Chukua mwendo wa chombo kwa mita kwa sekunde, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa 2,000. Jibu ni nyuzi ambazo hewa itaongezeka joto inaposimamishwa mbele ya chombo hicho. Mwalimu wa fizikia ataitambua asili yake mara moja: nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto, na kilo moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1,000 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja.

Tuitumie hapa hapa petu. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini za kampuni ya Imperial Airways zilianza kutua Kisumu katika safari za kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini. Zilikwenda yapata kilomita 265 kwa saa, yaani mita 74 kwa sekunde. Hewa iliyogonga pua zake ilipata nyuzi zisizotimia 3, rubani asingejua. Ndege ya jeti iendayo mita 230 kwa sekunde huongeza nyuzi 26, na kwa kuwa hewa ya huko juu ni baridi ya barafu, abiria hana la kuhofia. Concorde, iliyobeba abiria tangu 1976 hadi 2003, ilikwenda takriban mita 600 kwa sekunde. Kanuni inatupa nyongeza ya nyuzi 180. Ukiondoa baridi ya nje ya nyuzi 57 chini ya sifuri, unabaki na 123, na wahandisi wake waliweka mpaka wa nyuzi 127 kwa pua ya ndege hiyo. Ilirefuka angani kwa sentimita zaidi ya 15 kwa sababu ya joto hilo. Mtoto wa Gredi ya 10 anaweza kuikaribia tarakimu ya wahandisi kwa kalamu na karatasi.

Sasa tupande. Oktoba 3, 1967, rubani William Knight wa Marekani aliirusha ndege ya roketi ya X-15 kwa kilomita 7,274 kwa saa, mara 6.7 ya mwendo wa sauti. Hiyo ni kama mita 2,020 kwa sekunde, na nyongeza ni zaidi ya nyuzi 2,000. Chuma cha pua huyeyuka kabla ya hapo. Chini ya ndege ile palifungwa kielelezo cha injini. Wimbi la mshtuko la kielelezo hicho liligongana na hewa moto iliyotambaa juu ya nguzo iliyokishikilia, na pale yalipokutana joto likazidi mara kadhaa. Nguzo ilitobolewa, na kielelezo kikang'oka. Knight alitua salama. Naomba walimu waizingatie habari hii: sehemu iliyotobolewa haikuwa ile iliyosuguliwa zaidi. Ilikuwa ile ambayo mawimbi mawili yalikutania.

Kwa chombo kinachorudi kutoka obiti ya karibu, kiendacho mita 7,800 kwa sekunde, kanuni yetu inatoa nyuzi 30,000. Hapo inavunjika, na kuvunjika kwake kuna somo. Hewa haifiki huko kwa sababu nishati hutumika kwanza kuzivunja molekuli za oksijeni, kisha za nitrojeni, na hatimaye kuzing'oa elektroni kutoka kwa atomu. Hewa huacha kuwa hewa tuijuayo, ikawa plazima iwakayo ya nyuzi elfu kadhaa. Ndiyo sababu mawasiliano ya redio ya wanaanga wanaorejea yalikuwa yakikatika kwa dakika kadhaa.

Rudi sasa Makueni. Kilo moja ya chuma iendayo kwa mwendo huo ina nishati ya takriban jouli milioni 30, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 11 za maji hadi sufuria ikauke, na ni mara 20 hivi ya ile inayohitajika kuiyeyusha kilo hiyo. Ikiwa pete ya Mukuku ilikwenda kama vifaa vya obiti, na kama joto lingezaliwa juu ya ngozi yake kwa kusuguliwa, ingebaki mvuke. Kumbe ilifika chini ikiwa pete. Nishati ile ilikwenda wapi? Ilikwenda hewani. Joto huzaliwa katika hewa iliyo mbele ya kitu, na sehemu kubwa yake huachwa nyuma pamoja na hewa hiyo, kitu chenyewe kikipokea sehemu ndogo tu. Anayeshika neno "msuguano" hana njia ya kuieleza pete ya Mukuku.

Wala hana njia ya kueleza umbo la vyombo. Mwanafunzi akiambiwa moto ni msuguano, atachora chombo chenye ncha kali kama mkuki, na hata wahandisi wa miaka ya 1940 walichora hivyo. Mwaka 1951 Harry Julian Allen wa Marekani, akifanya kazi huko California, alionyesha kwamba ncha kali huvuta wimbi la mshtuko likaikumbatia ngozi ya chombo na kuiyeyusha. Pua butu hulisukuma wimbi mbele, likasimama mbali kidogo, na joto likapita pembeni. Waliowahi kuvuka kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita wameona jambo linalofanana nalo: mtumbwi wenye omo kali hupasua maji yakaambaa ubavuni, lakini feri yenye uso mpana hukusanya mlima wa maji mbele yake. Mvuvi hataki mlima huo, kwani humla petroli. Mwanaanga anautaka. Ukiuzidisha upana wa mviringo wa pua mara 4, joto linaloingia kwenye ncha hupungua kwa nusu. Vyombo vya Mercury, Gemini na Apollo vilipewa matako mapana kama sufuria kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Msuguano upo. Karibu kabisa na ngozi ya chombo kuna utando mwembamba wa hewa ambamo tabaka husuguana, na kwa chombo chembamba kinachoteleza masafa marefu, joto la utando huo si la kupuuzwa. Makombora mapya yanayozungumzwa leo yamo katika kundi hili. Kasi peke yake si ugeni. Vichwa vya makombora ya masafa marefu vimekuwa vikishuka kwa kasi zaidi ya hiyo tangu miaka ya 1950. Ugeni ni kukaa ndani ya hewa kwa dakika nyingi huku chombo kikigeuza mwelekeo, na hapo pua butu haifai kwa sababu inakipunguzia mbio. Mhandisi anabanwa: akinoa pua inayeyuka, akiifanya butu chombo hakifiki. Agosti 2011 Wamarekani walijaribu chombo kiitwacho HTV-2 kwa mara 20 ya mwendo wa sauti. Baada ya dakika 9 hivi safari ilikoma, na uchunguzi ukaeleza kuwa vipande vikubwa vya ngozi yake vilibambuka. Anayesikia mataifa yakijigamba kwa silaha hizi na akumbuke kuwa shida yao kubwa ni ngozi.

Gharama ya ngozi iliyotoboka tuliiona Februari 1, 2003, chombo cha Columbia kilipomeguka juu ya Texas na wanaanga 7 wakafa. Kipande cha povu kiliugonga ukingo wa bawa la kushoto wakati wa kuruka, na siku 16 baadaye hewa moto ikaingia katika tundu hilo.

Kuna atakayesema kuwa haya ni mambo ya Marekani na Urusi, na kuwa hata Makueni ni mbali na ziwa letu. Basi na aende Mbale, Uganda, yapata kilomita 150 kutoka Kisumu kwa mstari ulionyooka. Agosti 14, 1992, jiwe kutoka anga za juu lilipasuka juu ya mji huo, na vipande vikanyesha mashambani. Wachunguzi walitambua mahali 48 vilipoangukia. Kimoja, kisichotimia gramu 4, kilipita katika majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani. Hakuumia. Kitu kitokacho mbali namna hiyo huingia katika angahewa kwa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde, na bado mtoto aligongwa kama aliyetupiwa kokoto. Hewa ilikuwa imekwisha kuinyang'anya mbio zake kilomita nyingi juu, na safari iliyosalia ilikuwa ya kuanguka tu. Ukilivunja jiwe la aina hiyo utakuta ganda jeusi jembamba kama la yai, na ndani rangi yake ya asili, kwa sababu moto haukupata nafasi ya kupenya.

Tena sisi wa ukanda huu hatuwezi kusema kuwa njia hizo hazitupitii. Mstari wa ikweta unakata barabara pale Maseno, na watalii hupigwa picha kando ya alama yake. Kila setilaiti ya obiti ya karibu huvuka mstari huo mara mbili katika kila mzunguko, maana njia yake lazima ipitie pande zote mbili za kitovu cha dunia. Setilaiti ya Italia iitwayo BeppoSAX, yenye uzito wa kilo 1,400 hivi, ilirushwa Aprili 30, 1996 na kuhudumiwa kutoka kituo cha Malindi. Obiti yake iliinama nyuzi 4 tu, kwa hiyo ilizunguka juu ya ukanda unaoanzia Mombasa hadi kaskazini mwa Turkana, Kisumu ikiwa katikati. Ilipokuwa ikishuka bila usukani mwaka 2003, wenye nayo walizitahadharisha nchi za ikweta kwamba baadhi ya vipande havingeungua. Aprili 29 mwaka huo iliangukia Bahari ya Pasifiki. Wavuvi wetu wa omena, wanaokesha na taa zao majini kutoka Dunga hadi Usenge, wangekuwa wa kwanza kuuona moto huo kama siku ingechaguliwa vingine.

Je, wangejua la kufanya? Mtu aliyefundishwa kuwa kila kitu huungua kwa kusuguliwa atadhani kuwa kilichofika chini kimekwisha kumaliza hatari yake kikishapoa. Baadhi ya matangi hufika yakiwa mazima, kwa kuwa yametengenezwa kwa titani isiyoyeyuka kwa urahisi, na huweza kubakiza mafuta ya hidrazini, ambayo ni sumu. Wa kukaa nayo mbali si mtoto peke yake. Ni mzee wa kijiji, ni fundi wa vyuma vikuukuu, ni polisi anayeitwa kulinda. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaitwika dola iliyorusha kifaa dhamana ya madhara kinayoyaleta ardhini, lakini madai huanza kwa mtu aliyekitambua kifaa, akakiacha mahali pake na kuarifu.

Juma lililopita nilimwendea mwalimu wa kijana yule. Alinipokea vizuri, akanipa chai, na tukaipiga pampu ya baiskeli ya mlinzi katika baraza ya chumba cha walimu, kwanza ikiwa na gurudumu, kisha bila gurudumu. Aligusa mwisho wa bomba mara zote mbili, akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Mzee, nikimpa alama hizi leo, na mtahini wa mwisho akamnyima, mtoto atamlaumu nani?"

Nilimjibu kwamba mwanafunzi na aandike yote mawili, mgandamizo kwanza na msuguano baadaye, na aeleze ni upi mkubwa. Mwalimu alisema jibu refu hivyo halitoshei katika mistari miwili iliyoachwa kwenye karatasi. Hilo nalo ni kweli. Nimeihesabu mistari hiyo. Nimeiandikia idara inayohusika barua kuhusu mwongozo, na nakala nimemwachia mwalimu mkuu. Karatasi nitairudisha Jumatatu. Alama mbili hazijaandikwa bado.